Tanga Lililopita Juu ya Gitaza

Watoto wa Gitaza, usiku usio na mwezi, mashua za wavuvi ziitwazo Apollo zinapotoka na taa zao kufuata ndagala, tazameni na juu pia. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2022 kulikuwa na chombo huko angani chenye tanga, na tanga lenyewe halikungoja upepo. Lilisukumwa na mwanga wa jua.

Jina lake LightSail 2. Kilirushwa kutoka Marekani tarehe 25 Juni 2019, kwa michango ya maelfu ya watu walioitikia wito wa shirika la Planetary Society. Kilikuwa na uzito wa kilo 5 tu. Tarehe 23 Julai kikakunjua tanga la mita za mraba 32, linalong'aa, jembamba kuliko unywele. Kiliizunguka dunia mara moja kila dakika 100 hivi, kilomita 720 juu, na njia yake haikuvuka digrii 24 kaskazini wala kusini mwa ikweta. Burundi nzima imo katika ukanda huo. Basi kilipita huku kwetu mara nyingi, watu wakiwa wanaanika ndagala zao mchangani bila habari nacho.

Mwanga unasukumaje? Hauna uzito, lakini una msukumo. Ukigonga kitu, unakisukuma kidogo. Ukigonga kitu king'aacho ukarudishwa ulikotoka, unakisukuma maradufu, kwa kufika na kwa kuondoka. Ndiyo maana tanga lile liling'arishwa.

Hata nyinyi mkisimama juani mnasukumwa, ila nguvu hiyo ni ndogo ajabu. Nimepiga hesabu: saa sita mchana, jua likiwa la utosi na anga halina wingu, mwanga wote unaoliangukia Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira mpaka Mpulungu, unalikandamiza kwa uzito wa tani kumi hivi. Ziwa lote! Lori moja lililosheheni mawese kwenye barabara ya Rumonge laweza kuzidi hapo.

Mtauliza, nguvu kama hiyo itakifikisha chombo wapi? Mvuvi akiacha kupiga kasia, maji huushika mtumbwi mpaka usimame. Huko mbali angani hakuna maji, na hewa hakuna. Msukumo wa sasa unajiongeza juu ya ule wa jana na juzi, wala haupotei. Mafuta ya roketi huisha mapema. Jua linaendelea kuwaka. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote: ukipewa kidogo kisichokatika, utafika mbali kuliko aliyepewa kingi kwa mara moja.

Wajapani walilipima jambo hili. Chombo chao IKAROS, kilichorushwa Mei 2010, kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 300 na tanga la mita 14 kwa 14. Mwanga ulikisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa punje nne au tano za mchele. Desemba mwaka huo kilipita karibu na sayari ya Zuhura.

Subirini, Zuhura iko upande wa jua! Chombo kitaliendeaje jua na huku jua linakisukuma? Siri iko katika kulikalisha tanga mshazari. Chombo hakijatulia, kinakimbia kulizunguka jua. Tanga likiinamishwa upande mmoja, mwanga unakiongezea mbio nacho kinapanda mbali na jua. Likiinamishwa upande wa pili, unakipunguzia mbio, nacho kinashuka kulielekea jua.

LightSail 2 nacho kilikuwa kikijigeuza. Kikiwa kinaliendea jua, kililielekezea ukingo wa tanga ili kisisukumwe nyuma. Kikiwa kinaliacha, kililielekezea uso mzima. Wiki chache zilitosha kuonyesha kwamba kilele cha njia yake kimepanda. Lakini hata kilomita 720 juu kuna hewa kidogo iliyosalia, na tanga pana hunaswa nayo. Hewa hiyo ilikivuta chini taratibu, mpaka tarehe 17 Novemba 2022 kikaungua angani.