Minazi Iliyovuliwa Kilemba
Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliishia kwa chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi usiku. Msomaji mmoja wa Kerege akanipigia simu kulalamika kwamba nimempa chonga makala nzima ilhali minazi yake saba imekufa bila hata tundu moja. Ana haki. Chonga ni mwizi wa wazi: anaacha tundu na makapi pembeni yake, nawe ukiwa na waya wenye ndoana unamvuta nje mzimamzima. Maradhi ninayoyaleta leo hayaachi tundu. Yanaacha nazi chini.

Mara ya kwanza niliyaona Mapinga, upande wa baharini wa barabara ya Bagamoyo, kwenye shamba la mjomba wangu. Alikuwa na minazi 61, na idadi hiyo naijua kwa sababu aliitaja kila siku kama mtu anayevuta uradi. Mingine ilikuwa na majina. Askari ulikuwa ule mrefu ulionyooka kando ya njia. Bi Harusi uliinama kidogo kuelekea nyumbani, ukizaa kuliko wote. Chini ya mmoja, ambao haukuwa na jina, kilizikwa kitovu cha mama yangu.

Wageni wa pwani husikia shamba la minazi wakafikiria gunia na bei. Lakini huku mnazi ulikuwa mali inayosimama peke yake: uliweza kurithiwa, kuwekwa rehani au kutolewa wakfu hata pale ardhi iliyoubeba ilipokuwa ya mtu mwingine. Ndiyo maana mzee anayepoteza mnazi hahesabu nazi peke yake. Anahesabu pia fungu aliloachiwa na babu yake, lililomfikia salama likafia mikononi mwake.

Basi asubuhi moja ya vuli mjomba alikuta koroma saba chini ya Bi Harusi. Akawashuku watoto. Kesho yake tisa, pamoja na vidaka visivyozidi ukubwa wa yai. Mtoto haibi kidaka, kwa hiyo akawashuku tumbili. Siku ya tatu aliniita, akaokota koroma moja, akavibandua kwa kisu vile vigamba vinavyoishika nazi kwenye kikonyo chake. Chini yake palikuwa na doa la majimaji, jeusi pembeni na kahawia katikati, kama chai iliyomwagika juu ya kitambaa. Mkwezi akapanda akatushushia karara lililokuwa bado halijapasuka. Karara zima ukilifungua unakuta maua yamelala ndani yake, meupe ya maziwa, mtu unaona haya kuyagusa. Lile lilikuwa limeungua kuanzia nchani, jeusi kama utambi.

Yaliyofuata yakaenda kwa utaratibu ambao nimeuona mara nyingi tangu hapo, wala haubadiliki sana. Makuti ya chini yakageuka manjano, kisha ya katikati, umanjano ukipanda kama maji kisimani. Kuti changa la kati, lile linalosimama kama mkuki, likaoza kwenye shina lake; ukilivuta linakuja lote mkononi, na harufu yake huisahau. Mwisho kilele chote kikaanguka. Tangu koroma ya kwanza hadi kilemba kuvuliwa huwa ni miezi mitatu hadi sita hivi. Kinachobaki ni nguzo. Mwaka uliofuata mjomba alikuwa na nguzo 19.

Mabwana shamba wanayaita maradhi haya ugonjwa wa kunyong'onyea. Jina hilo sijawahi kulipenda. Anayenyong'onyea hunyweshwa uji akainuka. Mnazi ulioshikwa na ugonjwa huu hauinuki.

Sasa nieleze kilichomuumiza mjomba zaidi ya nguzo zile. Wiki mbili kabla ya koroma za kwanza kuanguka, shemeji yake alikuja kutoka Kiromo kumjulia hali. Wakiwa wanakunywa madafu, shemeji alisimama chini ya Bi Harusi, akainua uso, akazihesabu nazi zake kwa sauti, kole kwa kole, akamaliza kwa mluzi wa mshangao. Hakusema mashallah. Mnazi ulipoanza kupukutisha, mjomba hakuhitaji kuambiwa na mtu. Miaka miwili hawakusemeshana, na kwenye harusi ya binti yake shemeji akapelekewa salamu na mtoto.

Na shangazi, mke wa mjomba, naye alikuwa na mshitakiwa wake: yeye mwenyewe. Alikuwa amemwaga chumvi nyingi kwenye mashina mwaka ule, kama alivyofundishwa na mama yake, na akaamini amewaunguza watoto wake kwa mkono wake. Chumvi haina kosa hilo. Mnazi ni mti wa pwani, klorini ya chumvi ni chakula chake.

Tangu hapo nimeamini kwamba msiba wa minazi hauumi kwa sababu ya kifo peke yake. Unauma kwa sababu ugonjwa wenyewe unadanganya kuhusu siku uliyoingia.

Muuaji ni kiumbe anayeitwa fitoplasma, aina ya bakteria asiye na ukuta wa seli, mdogo mno, anayeishi ndani ya mishipa inayosafirisha sukari ya mti na hawezi kuishi nje ya kitu hai. Viumbe wa jamii hii walitambuliwa Japani mwaka 1967, kwenye miforosadi. Kabla ya hapo magonjwa ya namna hii yalidhaniwa kuwa ya virusi. Hapa kwetu taarifa ya maandishi kuhusu minazi inayokufa namna hii ilitolewa zamani sana, mwaka 1905, enzi za Wajerumani, lakini ilibidi kungoja hadi mwaka 1982 ndipo watafiti wachapishe matokeo ya kumtafuta kiumbe huyu kwa darubini ya elektroni ndani ya minazi ya Tanzania. Baadaye, vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba wetu si sawa na yule wa Karibi wala wa Afrika Magharibi, akapewa jina la kitaalamu lenye nchi yetu ndani yake: cocostanzaniae. Kuna heshima ambazo mtu angependa zimpite.

Kiumbe huyu hasafiri kwa upepo wala kwa jicho la shemeji. Anahitaji mdudu anayefyonza utomvu. Florida mdudu anayeeneza ugonjwa wa jamii hii alithibitishwa mwaka 1983. Kwetu washukiwa ni wadudu wadogo wa jamii ya wafyonzao, na mwaka 2000 mtafiti Mpunami na wenzake waliripoti kukuta vinasaba vya fitoplasma ndani ya aina mbili. Mmoja anaitwa Diastrombus mkurangai, na mtu wa Mkuranga akisoma hapa atacheka au atanuna. Kumkuta mdudu na mzigo, hata hivyo, si sawa na kumkuta akiushusha. Kesi yao haijafungwa.

Jambo la kushika ni hili. Mdudu akishaufyonza mnazi na kuuacha na mgeni huyo, mnazi unaendelea kupendeza. Unazaa, makuti yanang'aa, madafu matamu. Kiumbe anaongezeka mishipani kwa miezi kadhaa, pengine hata mwaka, kabla nazi ya kwanza haijaanguka. Siku unayoiona koroma ya kwanza chini si siku ya kuugua. Ni siku ambayo mti umeshindwa kuficha.

Niliyajua haya baada ya kuyasoma, nikaenda Mapinga kumweleza mjomba. Nilijitahidi kutomtaja shemeji. Alinisikiliza akiwa ameshika kifuu cha kahawa, kisha akauliza, "Miezi mingapi ulisema, mpwa wangu?" Nikarudia. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akirudi nyuma: vuli, kusi, mwezi wa Ramadhani, masika. Alipofika masika vidole vikasimama. Wakati huo shemeji alikuwa Tanga kwenye matibabu, hata Bagamoyo hakuwa amefika. Mjomba hakusema neno. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alipanda daladala la Kiromo akiwa na kuku wawili.

Sasa, swali aliloniuliza pia msomaji wa Kerege: akate au asubiri? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Watu wengi husubiri, na ninawaelewa. Nani anayemzika mgonjwa anayepumua? Lakini fitoplasma anaishi kwenye mti ulio hai. Nguzo iliyokwisha kuvuliwa kilemba haimwambukizi mwenzake, kwa hiyo anayekata baada ya kilele kuanguka ameshachelewa kwa ugonjwa huu. Anayekata siku karara linapotoka jeusi, akachoma kilele, anaondoa chakula cha mdudu mapema. Jamaika kulikuwa na mkulima mkubwa, Michael Black, aliyejulikana kwa utaratibu huo: kupita shambani kila wiki, kukata na kuchoma mnazi mara dalili ya kwanza inapoonekana, kupanda mwingine palepale, kupalilia na kutia mbolea. Hakuumaliza ugonjwa. Aliendelea kuvuna wakati majirani wanahesabu nguzo.

Hata nguzo, ingawa haiambukizi, isiachwe. Shina la mnazi linalooza ndimo chonga anamotaga, na hapo ndipo makala ya wiki iliyopita na ya leo zinapokutana: ugonjwa unaua mmoja, maiti yake inamlea mdudu wa kuua mchanga uliopanda pembeni. Pasueni mbao, chomeni, au fukieni. Benchi la barazani kwa mjomba ni Bi Harusi.

Ila msikate kwa pupa. Nazi changa huanguka kwa ukame pia, na kuna mdudu mwingine anayezifyonza zikadondoka zikiwa na makovu na gundi juu ya ganda. Dawa yake ya asili ni wale sisimizi wekundu wa mtini, maji moto, ambao wenye nyumba wapya wa Mapinga huwapulizia sumu kwa bidii kwa sababu wanauma. Umanjano peke yake unaweza kuwa njaa ya mbolea. Alama mbili, doa chini ya vigamba na karara jeusi, zikikutana pamoja, hapo mwiteni bwana shamba.

Dawa ipo, kwa namna fulani. Antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini ikidungwa kwenye shina kila baada ya miezi minne hivi huzuia dalili. Florida waliitumia kwa minazi ya mapambo barabarani. Ukiacha kudunga, ugonjwa unarudi. Mwenye mnazi mmoja getini na fedha za kuchezea anaweza kufikiria. Mwenye minazi 61, hapana.

Tumaini la mbegu nalo linataka kupimwa. Mpango wa taifa wa minazi ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, macho yote yalikuwa kwa chotara, hasa PB121 wa Ivory Coast, mwenye haraka ya kuzaa. Majaribio yakafanywa, pamoja na Chambezi, karibu kabisa na sisi hapa. Chotara wakafa. Jamaika nao walijenga upya mashamba yao kwa chotara Maypan kuanzia miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa ukawarudia. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Mikocheni wakageukia mnazi wetu mrefu wa zamani, kwa sababu katika mashamba yaliyofyekwa na ugonjwa, mara kwa mara hubaki mmoja mmoja uliokataa kufa. Hakuna anayeweza kukuapia kwamba mtoto wa mnazi uliobaki atabaki. Lakini mimi nikiambiwa nichague mbegu, naanzia hapo, nachanganya asili mbili tatu, na katikati yake naweka miembe na mikorosho ili mwaka mbaya usinikute na mti wa aina moja.

Shamba la mjomba halipo tena kama shamba. Limekatwa viwanja, lina kuta na mageti. Askari upo, ndani ya ua wa watu nisiowajua, ukipita kwa daladala unauona juu ya bati. Masika iliyopita niligonga geti nikamwomba mlinzi nazi zilizokomaa, zilizoanguka zenyewe. Aliniuliza kama nauza. Nikamwambia napanda, akanipa sita na mfuko wa saruji wa kubebea. Zimechipua nne. Mbili ziko kwangu, moja kwa shangazi, na moja niliipeleka Kiromo. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaniuliza kama inaruhusiwa kuhesabu majani.