Iache Laini Ndani ya Simu

"Fundi, nikimrushia mwenzangu picha kwa Xender, bando si litaisha?"

Haliishi. Halipungui hata kidogo. Swali hili nimelijibu kibandani kwangu Majengo, nimelijibu stendi, nimelijibu msibani chini ya turubai, na ningeendelea kulijibu bila kinyongo kama watu wangeondoka na jibu. Hawaondoki nalo. Wanaitikia "haya fundi, asante", wanasogea pembeni hatua mbili, kisha wanachomoa laini.

Ndiyo, wanachomoa laini. Hapa Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, hiyo imeshakuwa dawa kamili: kabla ya kurusha picha unatafuta pini, au hereni, unatoa laini ili MB "zisivuje", unarusha, unarudisha. Nimeletewa simu ambazo maiki imetobolewa kwa sababu mwenyewe alidhani lile ndilo tundu la laini. Nimeletewa trei zilizopinda. Tena simu nyingi tunazotumia huku, hizi Tecno, Infinix na itel, trei yake moja inabeba laini pamoja na memori kadi. Ukiivuta, memori kadi nayo imetoka. Dada mmoja alivuta trei mbele yangu, akafungua picha za komunyo ya kwanza ya mwanawe ili azirushe, akakuta hamna kitu. Machozi yakaanza kumlenga. Picha zenyewe zilikuwa kiganjani mwake, ndani ya kile kikadi alichokifumbata pamoja na laini.

Chanzo cha vituko vyote hivi ni imani moja, kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Ilikotoka naelewa. Wengi wetu tulikutana na Wi-Fi mara ya kwanza hotelini, chuoni au ofisini, mahali unapopewa nywila na papo hapo YouTube inafunguka. Basi ile alama ya mawimbi juu ya skrini ikawa na maana moja tu kichwani: intaneti ipo, na intaneti hulipiwa. Lakini Wi-Fi ni redio. Ni redio ndogo ndani ya simu inayoongea na redio nyingine iliyo karibu, basi. Kama hiyo nyingine imeunganishwa na intaneti, utapata intaneti. Kama hiyo nyingine ni simu ya shemeji yako, utapata simu ya shemeji yako.

Na redio ndani ya simu si moja. Ipo inayoongea na mnara wa kampuni ya simu, na hiyo peke yake ndiyo inayoihitaji laini. Bluetooth na Wi-Fi hazijui hata kama unayo. MB zako zinahesabiwa na mitambo ya kampuni: data iliyopita mnarani, iwe inakwenda au inakuja, inaandikwa; ambayo haikupita haina wa kuiandika. Uwe Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au TTCL, hesabu ni hiyohiyo. Picha iliyotoka simu yako ikaingia simu iliyo nusu mita kutoka hapo haikufika mnarani, kwa hiyo haiko kwenye daftari la mtu yeyote. Masafa yenyewe yaliyoibeba, GHz 2.4 au GHz 5, ni yale ambayo karibu nchi zote zimeyaachia vifaa vya nguvu ndogo, pamoja na spika za Bluetooth na vipanya vya kompyuta visivyo na waya. Ukimkabidhi jirani jembe juu ya ua, nani atakudai nauli ya bajaji?

Kama hamniamini mimi, ziaminini simu zenu. Washa hali ya ndegeni kwenye simu zote mbili, ile alama ya ndege. Tazama juu ya skrini: vimistari vya mtandao vimepotea, hakuna awezaye kukupigia, na kampuni yako ya simu haikuoni tena. Sasa, bila kuizima hali ya ndegeni, gusa Wi-Fi iwake, gusa Bluetooth iwake. Zitawaka, watengenezaji wameliruhusu jambo hilo makusudi. Rusha picha. Ile uliyopiga Makumbusho ya Majimaji siku ya kumbukumbu ya mashujaa, tarehe 27 Februari, itahama kutoka simu hii hadi ile huku simu zote mbili, kwa upande wa kampuni, ni kama zimezimwa. Bando lipi limeguswa hapo?

Nikishaonyesha hivyo, ndipo ushahidi wa upande wa pili unapoletwa: "Lakini fundi, juzi nilirusha picha na MB zikapungua kweli, niliangalia salio." Nakubali, zilipungua. Kilichozila ni nini? Hilo sasa ndilo swali lenye akili, na ndilo hasa ambalo haliulizwi.

Mara nyingi ni matangazo. Xender na SHAREit, hizi programu za kurushiana picha, ni za bure, na wenye nazo wanakula kwa matangazo. Ukifungua programu data ikiwa imewashwa, kabla hujachagua picha hata moja yenyewe imeshaanza kupakua mabango na video za matangazo ambazo hukuziomba. Ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua matumizi ya data kwa kila programu, uone Xender yako imetafuna kiasi gani mwezi huu. Zile MB hazikubeba picha yoyote ya komunyo.

Mara nyingine ni hotispoti. Programu hizi hufanya kazi kwa simu moja kuwasha hotispoti na nyingine kujiunga nayo. Kama mwenye hotispoti ameacha data ikiwa imewashwa, simu ya mwenzake inajua tu kwamba imepata Wi-Fi. Hapo Google Photos inaamka na kuanza kupandisha picha za miezi mitatu, Play Store inasasisha programu zilizokuwa zikisubiri, WhatsApp inashusha video zote za kundi la ukoo. Yote hayo kwa bando lako, wakati wewe umetulia ukihesabu picha zinavyoingia. Umeliwa kweli, ila lawama unampa asiyehusika.

Halafu kuna ule ujumbe unaojitokeza katikati ya kazi, kwamba Wi-Fi hii haina intaneti, je, ungependa kuendelea kuunganishwa? Watu wanashtuka, wanabonyeza "Hapana", muunganisho unakatika, picha zinakwama, na Xender inatangazwa kuwa mbovu. Jamani, ujumbe huo ni habari njema! Simu inakwambia kwa maandishi kwamba hapa hakuna intaneti inayopita. Bonyeza "Ndiyo" uendelee. Na baadhi ya simu haziulizi. Zikiona Wi-Fi haina intaneti, zinarudi zenyewe kwenye data ya laini na kuendelea na mambo yao huko nyuma.

Dawa ya yote matatu ni moja: shusha pazia la juu la skrini, gusa "Data ya simu", izime. Kidole kimoja, sekunde moja. Pini ya nini? Hereni ya nini?

Sasa palipo na hofu hapakosi mganga. Kuna vibanda hapa mjini vinauza "Xender isiyokula bando" kwa shilingi elfu mbili. Unakwenda na simu, kijana anakurushia faili la programu (anakurushia kwa Bluetooth, bila kutumia MB hata moja, na wewe umesimama hapohapo unatazama), unalipa, unaondoka umefurahi. Umelipa elfu mbili ili sifuri ipungue. Nilipewa simu moja yenye programu hiyo niikague: ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma SMS. Kurusha picha na SMS kuna undugu gani? Kwenye SMS ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp. Mtu anayezisoma hizo hana haja na picha zako.

Hata zile za asili hazikuwa malaika. Tarehe 29 Juni 2020 serikali ya India ilizipiga marufuku SHAREit na Xender pamoja, katika orodha ya programu 59 za Kichina, kwa hoja ya usalama. Februari 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Trend Micro ikaeleza hadharani kasoro za SHAREit zilizoweza kumruhusu mhalifu kufikia mafaili ya mtumiaji. Kama hizo zenye jina na ofisi ndivyo zilivyo, hiyo ya kichochoroni isiyo na mwenyewe itakuwaje?

Kinachonichosha zaidi ni kwamba watu haohao, kwa kuihofia Bluetooth, wanakimbilia WhatsApp. Mmekaa benchi moja, magoti yanagusana, na picha inatoka kwako kwenda mnarani, kutoka mnarani hadi seva za Meta, kisha inarudi njia hiyo mpaka kwa mwenzako. Wewe umelipia kupandisha, yeye amelipia kushusha. Tena imefika ikiwa imekamuliwa: WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha, na hata chaguo la HD lililoletwa Agosti 2023 haliifikishi kama ilivyopigwa. Ukiipeleka steshenari waichape kubwa, nyuso zimefifia, unamlaumu mwenye printa. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ya Tanzania kudhoofika kwa siku kadhaa, na tena mwishoni mwa Oktoba 2025 ilipozimwa wakati wa uchaguzi mkuu, niliona watu wamekaa meza moja wakiambiana wasubiri mtandao urudi ndipo watumiane picha. Redio mbili nzima ziko mezani, zimelala.

Haya, njia zenyewe, na nitakwenda mbio kwa sababu si ngumu.

Picha mbili tatu, Android kwa Android: Bluetooth inatosha. Oanisha simu, kubali namba inayojitokeza, rusha. Kasi yake ni kama KB 200 kwa sekunde, kwa hiyo picha ya MB 4 itachukua sekunde 20 hivi, na picha 200 zitakumaliza zaidi ya saa nzima. Hakuna programu ya "kuongeza kasi ya Bluetooth", msiniletee. Toeni simu mifukoni. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji humeza mawimbi haya.

Picha nyingi, Android kwa Android: Quick Share. Iko tayari ndani ya simu nyingi, huna haja ya kupakua chochote. Ilikuja mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share, ikabadilishwa jina 2024. Inatumia Bluetooth simu zitafutane, halafu inahamia Wi-Fi kubeba mzigo, ndiyo maana zile picha 200 zinakwisha kwa dakika chache hata kwenye simu ya bei nafuu. Chagua picha, gusa alama ya kushiriki, chagua Quick Share. Mwenzako awe amefungua skrini na ameruhusu kuonekana na walio karibu. Ikiomba uwashe "Mahali" (location), washa. GPS nayo haili bando, kabla hamjauliza.

iPhone kwa iPhone: AirDrop, hadithi ni ileile ya Bluetooth kutafuta na Wi-Fi kubeba. Hapa jibu langu lina upenyo: kuanzia iOS 17.1, mkiachana kabla picha hazijaisha, AirDrop inaweza kumalizia kwa intaneti. Zima data kwenye mipangilio yake.

iPhone kwa Android: Bluetooth ya iPhone haipokei picha kutoka Android wala haizitumi huko, usihangaike kuoanisha. Google ilitangaza Novemba 2025 kwamba Quick Share ya Pixel 10 sasa inaelewana na AirDrop, lakini nitajieni nani Bombambili ana Pixel 10. Kwa sisi wengine, wekeni programu ya LocalSend kwenye simu zote mbili mapema, mkiwa bado na intaneti. Siku ya kazi, Android iwashe hotispoti huku data imezimwa, iPhone ijiunge, mtumiane. Hotispoti iwashwe na Android, maana ya iPhone inataka data iwe imewashwa.

Picha ya iPhone imefika lakini haifunguki? Ni muundo wa HEIC, ambao Android za zamani haziujui. Mwenye iPhone akabadilishe kwenye mipangilio ya kamera ili inayofuata itoke JPEG. Picha "haijafika"? Tazama folda ya Bluetooth, kisha ya Download, kabla ya kumtuhumu mtumaji. Na ujue picha iliyorushwa kwa njia hizi inakwenda nzima nzima, pamoja na alama ya mahali ilipopigwa kama kamera iliiweka. Picha ya nyumbani kwako unayompa mtu usiyemfahamu itambeba hadi mlangoni.

La mwisho ni video za send-off. Memori kadi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida huja na mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Video ya GB 5 itagoma njiani hata ukiirudia mpaka kesho, kwa hiyo elekeza ishukie kwenye hifadhi ya simu yenyewe, au mwambie mpiga video aikate vipande viwili.