Gari Jepesi Lataka Breki ya Kadiri

Kuna simu za usiku ambazo mtu zikilia moyo humwenda mbio kabla hajazipokea. Ya mpwa wangu aliyeko Uingereza ilikuwa mojawapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema, mjomba, ila gari limenigeuka."

Gari lenyewe ni lile alilolijenga kwa mikono yake miwili, katika banda nyuma ya nyumba, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ya rasharasha, mkewe kaketi ubavuni. Walipokaribia mzunguko wa njia akakanyaga breki kama siku zote, mara mkia ukataka kumtangulia! Gari likazunguka likasimama likiangalia kule litokako. Kwa bahati nyuma yao hakukuwa na lori. Hawakuumia, lakini mwanamke wa watu alishuka akarudi kwao kwa miguu, na tangu hapo hajapanda.

Nikamuuliza, "Wewe ulifanya nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa juma lililotangulia alikuwa ametia diski kubwa za breki.

Hapa, msomaji wangu, yafaa nieleze haya magari ni ya namna gani, kwani huku kwetu gari hununuliwa likiwa zima, ingawa halikai zima kwa muda mrefu. Uingereza kuna watu wanunuao gari vipande vipande: chesisi ya vyuma vyembamba vya mraba, mabati mepesi, injini na gia kutoka saluni iliyokufa, kisha mwenyewe akaunga. Lililozipa sifa gari za namna hii ni Lotus Seven, alilolitoa Colin Chapman mwaka 1957. Siku hizo gari lililouzwa zima lilitozwa kodi ya ununuzi, na lililouzwa vipande lilisalimika. Basi vijana wenye mishahara midogo na spana kubwa walikuwa wengi. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuendelea kuliunda Seven. Limeigwa na watu wasiohesabika. Siri yake ni wepesi tu. Lile la kwanza lilikuwa na uzito wa nusu tani hivi, na breki zake zilikuwa za dramu mbele na nyuma.

Breki za diski nazo zina historia yao. Mwingereza Frederick Lanchester alizichukulia hataza mwaka 1902, lakini sifa zilizipata mwaka 1953, Jaguar aina ya C iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans ikiwa na diski za Dunlop. Tokea hapo ikaingia vichwani mwa vijana kwamba diski ni ushindi, na diski kubwa ni ushindi mkubwa.

Mimi si fundi. Nilichofanya ni kupanda gari kesho yake kwenda Shimanzi, kwa mzee mmoja aliyefungua breki za malori tangu mimi sijaota ndevu. Nikamhadithia. Hakuniuliza diski ni za ukubwa gani. Aliniuliza, "Maalim, kabla hajazibadilisha, akikanyaga kwa nguvu mipira ilikuwa ikifunga?"

Nikasema ilikuwa ikifunga, ndivyo alivyoniambia.

"Basi alikuwa anatafuta nini?"

Swali hilo nimelizungusha kichwani siku nyingi, na kila nikilizungusha halina jawabu. Kisimamishacho gari ni mpira ukishikana na njia. Diski kazi yake ni kulikamata gurudumu. Ikiwa diski ndogo yaweza kulikamata gurudumu hata likakoma kuzunguka, kubwa itaongeza nini? Ni kweli kwamba ukitoka diski ya milimita 228 ukaenda ya 254, pedi hushika mbali zaidi na kitovu, na kwa nguvu ile ile ya mguu breki hukaza zaidi kwa kadiri ya sehemu moja kwa saba. Huko ni kuupunguzia mguu kazi. Njia haikuongezeka ukali, wala mpira.

Faida ya kweli ya diski kubwa ni kubeba moto, kwani breki hugeuza mwendo kuwa joto. Waulizeni madereva washukao na shehena kutoka Mariakani hadi Mazeras. Harufu ile wanaijua. Lakini gari la mpwa wangu, pamoja na yeye ndani, ni kilo 630 hivi. Saluni ya kilo 1500 ikisimama kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, joto la kilo 630 kwa mwendo huo huo halifiki hata nusu yake. Nisimdhulumu mtu: anayeshindana uwanjani, akikanyaga breki kutoka kilomita 160 mzunguko baada ya mzunguko, huyo diski kubwa zenye nafasi ya kupitisha hewa zamfaa. Mpwa wangu huenda kazini na sokoni.

Tena kubwa lina uzito wake. Diski hukaa upande wa gurudumu, chini ya springi, na kila ratili uiongezayo hapo hulifanya gurudumu lidunde zaidi kwenye njia mbovu. Ukitia na kalipa ya pistoni nyingi nene, zitataka mafuta zaidi, na pedeli itashuka mbali kabla ya kushika. Hapo utabadilisha masta silinda iwe kubwa, na mguu utakuwa mzito upya. Kumbe umerudi ulikotoka, na fedha hazipo.

Lakini yote hayo ni hasara ya mfuko. Kosa la mpwa wangu lilikuwa la roho. Diski kubwa alizotaka kuzitia mbele zilikataa, kwa kuwa kalipa iligusa ndani ya rimu zake za inchi 13. Akaona asikose kabisa: akang'oa dramu ndogo za nyuma, akatia diski za milimita 253 kutoka saluni kuukuu.

Mzee wa Shimanzi aliposikia neno "nyuma" aliweka kikombe chini. Gari likifunga breki, uzito huinamia mbele, na nyuma huwa jepesi. Mpira uliopungukiwa na uzito hufunga upesi, na uliofunga huserereka upande wowote upendao. Mbele ikifunga kwanza, gari hukataa kupinda lakini huenda moja kwa moja. Nyuma ikitangulia ni kama jahazi lililokatika usukani tanga likiwa limejaa. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa Uingereza uitwao IVA, ulioanza mwaka 2009, hutaka magurudumu ya mbele yafunge kabla ya yale ya nyuma. Gari la mpwa wangu lilipita ukaguzi huo, lakini likiwa na dramu zake. Diski zilikuja baada ya mkaguzi kwenda zake, na kampuni ya bima haikuambiwa.

Nilimpigia nikamweleza, naye alisikiliza pasipo kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Amerudisha dramu. Pesa zilizobaki amenunua mipira mipya na pedi laini, kwa kuwa zile ngumu za mashindano hutaka joto ndipo zishike, na gari jepesi haliwapi joto hilo. Mafuta ya breki nayo ameyamwaga akatia mapya, maana ya zamani hunywa maji ya hewani na huchemka mapema.

Jumapili iliyopita alikwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika, akamwaga maji chini, akakanyaga mara sita kwa mwendo tofauti, rafiki yake akitazama kutoka kando.

"Mbele imetangulia zote sita, mjomba."

"Na mkeo?"

"Anasema atapanda mvua ikikoma."

Nikamuuliza huko aliko mvua hukoma lini. Akacheka, akasema ameanza kumtafutia mwamvuli.