Kirusi Kinachojaza Wodi ya Watoto Msimu wa Kaskazi

Mtoto akianza kukohoa, baridi ndiyo hulaumiwa kwanza. Rekodi za hospitali ya Kilifi, katika pwani ya Kenya, zinasema vingine. Tangu mwaka 2002 watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakipima ute wa puani wa watoto wanaolazwa huko kwa nimonia, wakitafuta kirusi kiitwacho RSV. Kwa kawaida mlipuko huanza miezi ya mwisho wa mwaka na kufikia kilele karibu na Januari, jua likiwaka na kaskazi ikivuma. Kipupwe kinapoingia, kilele kimeshapita.

Ulaya, kirusi hichohicho hushamiri majira ya baridi. Kwa hiyo baridi peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Hali ya hewa ina mchango wake, lakini watu pia wanao: namna wanavyokusanyika, na kinga waliyo nayo. Kinga ya RSV haidumu, na kila mwaka huzaliwa watoto ambao hawajawahi kukutana nacho. Mwaka 2020, Australia ilipobana mikusanyiko kwa sababu ya korona, RSV ilikaribia kutoweka majira ya baridi, kisha ikaibuka kiangazi masharti yalipolegezwa.

Utafiti uliofanywa katika kaya za Kilifi ulionyesha kuwa mara nyingi kirusi huletwa nyumbani na kaka au dada anayesoma shule. Kwake ni mafua tu. Kwa mdogo wake wa miezi mitatu, vijia vyembamba vya hewa huvimba na kuzibwa na ute. Kila akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu hubonyea ndani. Antibiotiki haziui kirusi. Kinachomwokoa ni oksijeni, na maji au maziwa ya kutosha.

Ndiyo maana kalenda ya ugonjwa ina thamani: mitungi ya oksijeni ijazwe kabla wodi haijafurika. Aidha, ipo chanjo ya wajawazito iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2025, ambayo humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa.

Nawe mzazi, mtoto akitulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi miwili, au 50 kwa ambaye hajatimiza mwaka, mpeleke hospitali. Mbavu zikibonyea, usihesabu tena. Nenda mara moja.