Usiku Mmoja Hadi New York: Hesabu ya Saa Inayowachanganya Wengi

Tuseme mama yako, mkazi wa Donholm, anakwenda New York kumtunza bintiye aliyejifungua. Tiketi yasema ndege itaondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kutua saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Jamaa wanahesabu kwa vidole na kupata saa saba. Kumbe basi la Mombasa ndilo safari ndefu!

La hasha, msomaji. Hizo ndizo saa zilizopangwa Kenya Airways ilipoanzisha safari hiyo ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, na abiria alikaa angani saa kumi na nne. Kila uwanja huandika saa za kwake, na New York ilikuwa nyuma yetu kwa saa saba. Kila Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma na pengo likawa saa nane, hadi Machi. Sisi wa ikweta hatuna haja na vituko hivyo.

Kutoka JKIA hadi uwanja wa John F. Kennedy ni karibu kilomita 11,800. Kabla ya 2018 ilibidi kubadilisha ndege London, Amsterdam, Dubai au kwingineko, na kwa mama asiyejua Kiingereza hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko safari yenyewe. Ruhusa ilisubiri mpaka Februari 2017, Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa ndege.

Mbona usiku? JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta tani 85 hupaa kwa taabu jua linapowaka. Ubaridi wa usiku huisaidia.

Sasa jambo ambalo familia nyingi husahau: dawa. Ikiwa mama humeza tembe za presha kila siku saa mbili asubuhi, atakapotua kule alfajiri hapa Donholm itakuwa saa saba mchana na zaidi. Amekwisha kuchelewa saa tano! Mwulize daktari mapema, hasa kwa anayejidunga insulini. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si katika sanduku. Na asikae kitako usiku kucha. Ainuke, atembee, anywe maji, maana damu huweza kuganda miguuni.

Mfikishe uwanjani saa mbili na nusu usiku. Ni karibu, naam, lakini Outer Ring Road ya jioni mwaijua wenyewe.

Akishafika, usimpigie simu saa mbili asubuhi. Kwake ni usiku wa manane. Ngoja saa kumi na moja jioni, atakuwa ameshakunywa chai.