Piki ya gitaa na mandolini: usidanganywe na rangi, angalia unene na kingo



Kuna mdau wa Igoma kanitumia swali. Kapata mandolini ya mtumba, ina nyuzi nane, lakini kila akiipiga inalia kacha-kacha kama mtu anakwangua bati. Anataka kuiuza. Nikamuuliza, je, unapigia nini? Kumbe anatumia piki laini ya gitaa, ile inayopinda kama karatasi. Sasa hapo mandolini ina kosa gani?

Kwa wasiojua, piki ni kile kidude kidogo chenye pembe tatu cha kucharazia nyuzi. Watu wa udi kule Zanzibar wanatumia ndugu yake mrefu anayeitwa risha, kwa sababu zamani lilikuwa unyoya kweli, hasa wa tai. Watu wengi wanatafuta gitaa kwa miaka, halafu piki wanaokota yoyote. Lakini hiki ndicho kinachogusa uzi, kwa hiyo sauti inaanzia hapo.

Mambo ya kuangalia ni matatu.

1. UNENE. Unapimwa kwa milimita na mara nyingi umeandikwa kwenye piki yenyewe. Kama unapiga ridhimu, yaani kodi za kusindikiza kwaya, chukua kati ya 0.50 na 0.73. Inapinda kidogo, mkono unapita kwenye nyuzi zote bila kukwama. Kama unapiga solo, panda hadi 0.88 au 1.14, ili kila noti itoke safi na mkono usichelewe. Mandolini ni habari nyingine. Nyuzi zake zimekaa mbilimbili, ni fupi na zimekazwa sana, zinatuniwa kama fidla: G, D, A, E. Piki laini ikikutana nazo inashindwa, inapinda yenyewe, na wewe unasikia plastiki badala ya uzi. Anzia 1.0, ukipata 1.5 ni bora zaidi. Wapigaji wengi wa mandolini hutumia pembe ya piki iliyo duara, siyo ile kali. Sauti inanenepa.

2. KINGO. Pitisha ukingo wa piki kwenye kucha yako polepole. Ukisikia inakwaruza, ujue na uzi utakwaruzwa hivyo hivyo. Usiitupe. Chukua msasa laini, sugua kingo, malizia kwa kuisugua kwenye suruali ya jinzi mpaka iteleze. Ni kazi ya dakika tano.

3. IMETENGENEZWA NA NINI. Nailoni sisi wa ziwani tunaifahamu, ndiyo ya nyavu. Haivunjiki ovyo, inapinda, sauti yake ni ya upole. Seluloidi, ile ya mipira ya zamani ya ping-pong, inalia vizuri ila inalika haraka na inashika moto upesi sana, kwa hiyo usiijaribu kwa kiberiti. Halafu kuna plastiki ngumu kama Tortex ya kampuni ya Dunlop ya Marekani, iliyoingia sokoni 1981. Hizo rangi zake siyo mapambo, ni unene: nyekundu 0.50, ya machungwa 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.0, zambarau 1.14. Ila kampuni nyingine zina rangi zao, kwa hiyo soma namba.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Jina Tortex limetokana na gamba la kasa, kwa sababu piki hizo zilitengenezwa kuliiga. Kwa miaka mingi piki iliyosifiwa kuliko zote duniani ilikuwa ya gamba la ng'amba, kasa wa baharini. Biashara ya gamba hilo kwenye pwani yetu ni ya kale mno. Kitabu cha mfanyabiashara wa Kigiriki cha karibu miaka 2,000 iliyopita kinalitaja kati ya bidhaa zilizotoka huku. Leo ng'amba yuko hatarini kabisa kutoweka, na mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kazi 1975, umemweka kwenye orodha inayozuia biashara yake kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo mtu akikuletea "piki orijino ya kasa", ama anakuuzia plastiki kwa bei ya uongo, ama anakuuzia kesi. Kote kote umeliwa.

Na hatuna haja nayo! Gamba la ng'amba ni keratini, kitu kile kile kilichomo kwenye kucha zako na kwenye pembe ya ng'ombe. Wapigaji wa udi wamekuwa wakitumia risha za pembe siku nyingi tu. Sasa Usukumani tukose pembe? Kata kipande chembamba, kichemshe mpaka kilainike, kibane kati ya mbao mbili mpaka kipoe na kunyooka. Chora umbo, kata kwa msumeno mdogo, piga tupa, kisha msasa. Vaa kitambaa puani maana vumbi lake siyo zuri. Piki hiyo usiiache majini, itajikunja.

Huna muda wa kuchemsha pembe? Chukua ile fremu ya plastiki inayobaki ukishachomoa laini ya simu. Kadi za kipimo kile zina unene wa 0.76, yaani karibu sawa na Tortex ya njano. Kata, piga msasa, cheza. Inalika mapema, lakini hata ukikata tano hujatoa hela. Kwa ridhimu inatosha kabisa. Kwa mandolini hapana, ni laini mno.

Mwisho, siyo kila kitu kinataka piki. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, inapigwa kwa vidole. D.O. Misiani, aliyezaliwa 1940 upande wa Shirati huku kwetu mkoa wa Mara na kufariki Kisumu 2006, alikuwa mmoja wa waliolikuza benga, na gitaa la benga linafuata mwendo wa nyatiti ile. Mwenda Jean Bosco wa Katanga naye alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Kwa hiyo ukikosa piki, usikae bila kupiga.

Kabla hujauza chombo chako kwa bei ya kutupa pale Mlango Mmoja, badilisha kwanza piki. Naomba kuwakilisha.