Kabla ya Kuisifu Rangi, Tazama Chini ya Mlango

Pengine utashangaa ukisikia kwamba huko Uingereza wako watu wanaotafuta motokaa zenye umri wa miaka hamsini au sitini. Wanachagua zile ndogo za watu wawili, zilizofunikwa kwa turubai tu. Wanazitengeneza miaka miwili au mitatu, kisha wanazisafiria mbali. Leo tutazame moja iitwayo MGB, maana ina fundisho kwa kila anunuaye chombo kilichokwisha tumika.

ILIKOTOKA

Herufi M na G zatokana na jina Morris Garages, karakana za Bwana William Morris mjini Oxford. Bwana huyo alianza mwaka 1893, akiwa kijana bado, kwa kutengeneza baiskeli za watu. Kutoka baiskeli akaingia kwenye pikipiki, kisha motokaa, hata akawa tajiri mkubwa. Mali yake nyingi aliitoa kwa hospitali na vyuo. MGB yenyewe iliundwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, tangu 1962 hata kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Jumla yake ni zaidi ya 500,000, na nyingi zilipelekwa Marekani.

NGUVU YAKE IKO WAPI?

Magari mengi ya zamani yalijengwa juu ya chasisi, yaani fremu nzito ya chuma. MGB haina. Nguvu yake imo katika bati lenyewe lililokunjwa na kuungwa, hasa boriti mbili, tupu ndani, zinazopita chini ya milango. Maji ya mvua, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, huingia humo. Kutu huanza kula kutoka ndani. Siku utakapoiona kwa nje, imekwisha kula sana.

Hapo ndipo mwuzaji asiye mwaminifu hupata faida. Huziba matundu kwa ute unaoganda kama udongo, hulainisha kwa msasa, kisha hupaka rangi nyekundu. Gari lang'aa kama bibi arusi. Lakini likigongwa, boriti zile hazina nguvu ya kuwakinga walio ndani.

Basi, chukua sumaku ndogo, uipitishe juu ya bati. Penye chuma itanasa. Penye ute huo itaanguka. Kisha gari liinuliwe kwa jeki, ufungue mlango na kuufunga. Kama ulikuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, jua kwamba gari linajikunja katikati: boriti zimeoza.

KAZI YA KULIFUFUA

Fundi mwenye akili haanzi kwa kukata. Kwanza huunga vyuma imara katika nafasi ya mlango, ili gari lisilegee boriti zikiondolewa. Aliyekata kwa haraka huona milango haifungi tena. Baada ya hapo hukata kutu yote hata afikie chuma kizima, huchomelea bati jipya, hupaka rangi ya kuzuia kutu, na mwisho hupuliza nta ndani ya boriti.

Na kama bodi zima limeliwa? Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imetengeneza mabodi mapya ya MGB kwa kutumia vyombo vya kiwanda cha zamani.

Injini ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 1,798, si ngumu kufahamika. Ila petroli imebadilika. Ile yenye risasi iliachwa kuuzwa kwa kawaida Uingereza tangu 2000, kwa hiyo mahali valvu zinapokaa hutiwa chuma kigumu zaidi. Tena tangu 2021 petroli ya kawaida huko huweza kuwa na spiriti hadi asilimia 10, nayo huharibu mipira ya zamani. Mipira hiyo ibadilishwe kabla ya safari, maana petroli ikidondokea injini yenye joto, gari laweza kuteketea.

SAFARINI

Wengi hupenda kwenda Scotland, katika njia iitwayo North Coast 500. Ni mzunguko wa kilomita 830 hivi, unaoanzia na kuishia Inverness. Humo mna mlima wa Bealach na Bà, ambako barabara nyembamba yapanda hata mita 626, ikiwa na nafasi za kupishana tu. Dereva apandapo hutazama kipimo cha joto la maji. Ashukapo hutumia gia ndogo, breki zisichoke. Katika buti huweka maji, oili, mkanda wa feni na spana.

Jambo moja bado. Tangu Mei 2018, huko Uingereza gari lililopita miaka 40, kama halikubadilishwa sana, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Hata hivyo sheria yamkataza mwenyewe kuendesha gari bovu. Basi mkaguzi ni yeye, amelala chini ya gari na tochi mkononi.

Nawe ukiletewa gari au pikipiki iliyokwisha tumika, usianze kwa kuisifu rangi. Omba kwanza ruhusa ya kutazama chini. Mwuzaji akikataa, mwage kwa heri, urudi nyumbani na fedha zako.